Mwaka wa Intaneti Isiyo na Kikomo

Mwaka 2014 nilikuwa nimepanga vyumba viwili Nyamityobora, mjini Mbarara, na nilikuwa nauza vitenge sokoni. Wazazi wangu walibaki Juru, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye shamba la maharage na mahindi tulilopewa tulipofika kutoka Kivu Kusini nikiwa bado msichana. Dada yangu mkubwa hakuwa tena nasi. Yeye na mumewe walikuwa wamehamishiwa nchi ya theluji, mbali sana, na huko alifanya usafi katika hospitali. Nilimwita yaya, kama sisi Wakongomani tunavyomwita ndugu aliyetutangulia kuzaliwa, na mpaka leo nikimtaja nasema yaya tu.

Kabla ya mwaka huo tuliongea naye kwa vocha za kukwangua. Nilipokuwa bado Juru, nilipanda baiskeli mpaka Misiera penye maduka, nikaacha simu ichajiwe dukani, nikanunua vocha, nikasimama nyuma ya duka ambako mtandao ulishika. Halafu tuliongea kama watu wanaokimbizwa. Nani anaumwa, mvua imenyesha au bado, baba anasema hivi, mama anasalimia, haya, haya, imeisha. Hakuna aliyewahi kunyamaza kwenye simu ya vocha.

Muuzaji wa intaneti aliingia kwenye ua wetu mchana mmoja, amevaa fulana ya kampuni, kwapani amebeba kisanduku cheupe chenye antena mbili. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya mhubiri. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Uganda, cha jeshini na sokoni, ambacho hakipotezi muda kwa salamu ndefu.

"Mama, hii ni ya nyumba," aliniambia. "Anlimitedi. Haina mwisho. Unatumia mpaka wewe mwenyewe unachoka."

Jirani yangu alitoka chumbani kwake na sufuria mkononi. Ua mzima tulimwita Mama Afande, kwa kuwa mumewe alikuwa askari. Wakati ule mumewe alikuwa Somalia, na yeye alikuwa amehama kutoka kwenye nyumba za kambi ya jeshi akaja kupanga hapa na watoto wake wawili. Alikuwa Mnyankore, mrefu, mwenye kauli fupi.

"Mwezi ikifika katikati na mimi bado naangalia, inakatika?" aliuliza.

"Haikatiki."

"Na watoto wakiwasha katuni asubuhi mpaka jioni?"

"Hata wakiangalia mpaka walale, mama. Haina mwisho."

Mama Afande alinitazama, nami nikamtazama. Tulikubaliana kugawana malipo nusu kwa nusu. Kisanduku kiliwekwa kwenye dirisha langu, kwa sababu ndilo lililotazama mnara, na kwa Mama Afande mtandao ulipita ukutani bila shida. Nilikifunika kitambaa nilichofuma mwenyewe. Mtu wa kampuni akasema niondoe kitambaa, kisanduku kitapata joto.

Wiki za mwanzo zilikuwa nzuri, na nazikumbuka kwa utulivu kuliko kwa furaha. Mama Afande alimwona mumewe akiwa amekaa juu ya kreti, nyuma yake hema. Watoto walimwonyesha meno yaliyong'oka. Mimi nilimpigia yaya jioni nikirudi kutoka sokoni. Kule kwake ilikuwa bado asubuhi, na kazi yake ilikuwa ya zamu ya jioni, kwa hiyo nilimkuta jikoni. Aliegemeza simu kwenye chupa ya mafuta, akaendelea na shughuli zake. Mimi niliegemeza yangu kwenye kopo la sukari, nikakunja vitenge.

Siku za kwanza tuliongea sana, kwa mazoea ya vocha. Halafu maneno yakaisha. Nilitaka kuaga, nikaona hajisumbui. Alikuwa anaosha vyombo.

"Yaya, nikate?"

"Ukate ya nini? Si ulisema haina mwisho? Tuache tu hivi."

Tukaacha hivyo. Alikatakata kitunguu, nami nikapanga vitenge kwa rangi. Maji yalichuruzika upande wake, na upande wangu mtoto wa Mama Afande alipiga kelele uani. Pengine ilipita nusu saa bila neno, halafu mmoja wetu anauliza jambo dogo, kama jina la yule mwanamke wa kwaya yetu ya Juru aliyekuwa na kigugumizi, na mwingine anajibu. Tulikuwa tumeishi hivyo Juru, katika nyumba moja ya udongo, kila mtu na kazi yake. Sikuwa nimejua kwamba hicho ndicho nilichokikosa.

Mwezi ulipofika katikati, yaya alianza kuvunjika. Kwanza uso wake uligeuka vipande vya mraba. Halafu midomo ilitangulia sauti. Halafu alisimama na jicho moja limefumbwa, mkono hewani, na katikati ya kioo duara dogo likawa linazunguka.

Nilizima simu, nikaiwasha. Mama Afande akagonga ukuta.

"Jirani! Yako inatembea?"

"Hapana. Ya kwako?"

"Imekufa."

Haikuwa imekufa. Ingekufa tungeelewa. Ujumbe mfupi wa maandishi ulipita, ukichukua muda wake kama mgonjwa anayepanda ngazi, lakini picha ilikataa. Tulipiga simu ya huduma kwa wateja. Muziki ulipigwa, sauti ikatuambia simu yetu ni ya thamani kwao, muziki ukapigwa tena. Siku iliyofuata tulifunga safari mpaka ofisi yao mjini.

Tulikuta foleni. Mbele yetu walisimama mwanafunzi wa chuo kikuu na mzee aliyestaafu ualimu, na wote walikuwa na shida ileile. Mzee alikuwa anamwambia kila aliyeingia kwamba ameibiwa mchana kweupe. Dada wa kaunta alikuwa mpole. Alitazama kompyuta yake, akatuambia kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza, kwa kuwa Kinyankore changu kilikuwa cha sokoni tu, akituita nyabo, yaani bibi.

"Nyabo, intaneti yenu iko. Haikukatika. Ni spidi tu imerudi chini."

"Kwa nini?" niliuliza.

"Mmetumia sana. Mkipita kiasi fulani, spidi inashuka mpaka mwezi mpya. Ni sera ya matumizi ya haki."

Neno haki nilikuwa nimelisikia mara nyingi. Kambini Nakivale walikuja watu wa semina na kutufundisha haki zetu chini ya turubai, tukapewa soda. Kanisani pia lilisomwa. Sikutegemea kulikuta kwenye kaunta ile, likiwa na maana ya kwamba tumezidisha.

Mama Afande aliweka viwiko vyake juu ya kaunta.

"Wewe, dada. Mtu wako alisema haina kikomo."

"Haina, nyabo."

"Sasa kama haina kikomo, sisi tumefika wapi?"

Mwanafunzi alicheka. Dada wa kaunta hakucheka, wala hakukasirika. Alisema anaelewa. Alisema wateja wengi wanalalamika na malalamiko yetu ameyaingiza. Tukarudi Nyamityobora kwa miguu.

Baada ya hapo uliingia ubaridi kati yetu. Kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba mwenzake ndiye aliyemaliza. Mimi nilisikiliza katuni kupitia ukutani na kuhesabu kimoyomoyo. Yeye aliniuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, kama ni lazima kuacha simu wazi wakati hakuna anayeongea. Hatimaye tulipanga zamu, na watoto wakanyang'anywa katuni siku za wiki. Yaya nilimweleza, akasema ni sawa, tuwe tunasema yenye maana tu. Basi tukarudi kusema yenye maana. Mvua. Baba. Salamu. Kila mwezi mpya tulipata siku chache za zamani, halafu duara lilirudi.

Ni katika miezi hiyo yaya alipoanza kuumwa figo. Aliacha kazi. Kwenye kioo alikuwa amevimba chini ya macho, lakini mtandao ulivyokuwa, sikuweza kusema ni uvimbe au ni ubovu wa picha. Nilimuuliza, akasema ni picha. Alikuwa na muda mwingi sasa, asubuhi nzima peke yake ndani, dirishani theluji. Mara moja aliniambia anatamani tukae tu kama mwanzo. Nikasema mwezi mpya ukianza. Mwezi mpya ulipoanza alikuwa amelazwa, na hospitali ilikuwa na masharti yake kuhusu simu.

Shemeji alipiga asubuhi, nikiwa nafungua meza yangu sokoni. Nilimsikiliza. Nikamaliza kutandika vitenge, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza, halafu nikavikunja vyote tena na kurudi nyumbani.

Mazishi yalichelewa, kama ilivyo kawaida ya kule. Shemeji alisema kanisa lao litayarusha kwa video, kaburini pia, ili wazee waone. Wazazi wangu walitoka Juru, baba na koti lake la kanisani, mama akishikwa mkono. Wanakwaya wachache walioimba na yaya zamani walikuja pia. Mama Afande alihamisha mabenchi yake chumbani kwangu bila kuombwa. Alichemsha chai kwenye sufuria kubwa, akatoa simu zake zote kwenye intaneti, akawaambia watoto wake kwamba atakayegusa intaneti leo atalala nje. Yale ya katuni na ya simu za kimya hayakutajwa tena, siku ile wala baadaye.

Lakini siku ile iliangukia wiki ya tatu ya mwezi na spidi ilikuwa chini. Asubuhi nilikwenda ofisini. Dada wa kaunta alikuwa yuleyule.

"Naomba munirudishie ile nguvu leo tu," nilimwambia. "Tuko na maziko jioni."

"Maziko ni wapi?"

"Ng'ambo. Tutaangalia."

Aliweka mkono kifuani. "Pole sana, nyabo. Mimi siwezi kuirudisha, ni sistimu. Lakini unaweza kununua nyongeza."

Nilinunua nyongeza ya kitu kisicho na mwisho. Nakumbuka kwamba sikuona ajabu yoyote. Nilisema asante.

Jioni tuliweka kompyuta ya kuazima juu ya meza, baba akakaa mbele kabisa. Picha ilikuja safi. Kanisa lilikuwa na zulia, watu wamevaa makoti makubwa, jeneza rangi ya maziwa. Waliimba kwa Kiswahili, na wanakwaya waliokuwa chumbani kwangu waliwafuata, sauti zao zikichelewa kidogo. Halafu aliyeshika simu alitoka nje, tukaona theluji, tukaona watu wakitembea polepole, tukaona shimo lenye kingo zilizonyooka kama limekatwa kwa kisu. Wanaume wanne walishika mikanda, jeneza likakaa juu ya shimo. Shemeji aliinua mkono kuvua kofia.

Akabaki hivyo. Mkono kwenye kofia. Duara likatokea katikati ya kioo, juu ya jeneza, likaanza kuzunguka.

Baba aliinama mbele, akauliza kwa Kiswahili chetu cha Kongo.

"Mbona banasimama vile? Banaomba?"

"Hapana, baba. Rezo ya intaneti ndiyo imekatika."

"Acha tungoje. Pengine banaomba."

Mama alikuwa amelala kwenye godoro nyuma yetu, uso ukutani. Hakutaka kuangalia. Aliuliza bila kugeuka, "Bamemushusha?"

"Bado, mama."

Tukangoja. Wanakwaya walimaliza wimbo wao, wakaanza mwingine. Nje uani Mama Afande alikuwa amepiga simu ya huduma kwa wateja na kuweka kipaza sauti, na ule muziki wa kungoja uliingia kupitia dirishani ukachanganyika na wimbo wetu. Halafu ulikatika na nikamsikia akisema, "Watu hapa wanazika mtu! ... Hapana, si hapa. Wanazika kwa intaneti. ... Ndiyo, nyongeza wamelipa leo."

Aliingiza kichwa mlangoni.

"Anasema tuzime kisanduku, tuwashe tena."

"Nikizima picha itapotea," nilisema.

"Anasema ndiyo njia."

"Bamemushusha?" mama aliuliza.

Nilikizima. Kioo kikawa cheupe. Nilikiwasha kisanduku tena, taa zikarudi moja moja, ya kijani, ya kijani, ya rangi ya chungwa, lakini picha haikurudi, na hata shemeji na mkono wake kwenye kofia hatukuwa naye tena. Tulikaa tukitazama mahali alipokuwa. Baadaye simu ya kawaida ililia. Ilikuwa shemeji. Sauti yake ilisikika vizuri sana.

"Tumemaliza," alisema. "Mumeona?"

"Tumeona," nilijibu. Halafu nilimgeukia mama nikamwambia ameshashushwa.

Wakati wa chai watu walianza kuongea, na wote waliongea habari za intaneti. Mwanakwaya mmoja alisema yeye hununua ya wiki ikaisha kabla ya Jumapili. Mwingine alisema kampuni hula intaneti yako wakati umelala. Mama Afande alisema wanaua watu. Hasira yao iliwachangamsha, nami nikawaacha, kwa sababu walikuwa wamekuja kulia na hakuna aliyelia. Mimi nilikuwa namimina chai. Nilitafuta hasira hiyo ndani yangu, ningeshukuru kuipata, lakini hapakuwa na kitu pale. Palikuwa kama ganzi ya mguu uliokaliwa.

Wiki iliyofuata Mama Afande alifunga kisanduku kwenye kitambaa, akanivuta mkono tukaenda ofisini. Alikiweka juu ya kaunta. Alieleza yote kwa sauti, mpaka watu wa foleni wakasogea kusikiliza. Dada wa kaunta alinitambua. Aliingia ndani kuongea na mkubwa wake, akarudi.

"Meneja anasema pole. Nyongeza mliyonunua ilikuwa ndogo kwa video ndefu. Lakini tunawapa siku tatu, spidi yote, bure. Kama kuomba msamaha."

"Siku tatu za nini sasa?" Mama Afande aliuliza.

Mama Afande alinitazama mimi. Nikasema tuchukue.

Siku hizo tatu kisanduku kilifanya kazi kuliko wakati wowote. Mama Afande aliongea na mumewe kila jioni na picha haikutetereka hata mara moja. Watoto walirudishiwa katuni, wakaja kuziangalia chumbani kwangu kwa sababu ya ile kompyuta ya kuazima, ambayo mwenyewe alikuwa hajaifuata. Niliporudi kutoka sokoni nilikaa nao kwenye benchi. Kulikuwa na panya aliyevaa kaptula na paka aliyemkimbiza. Niliangalia mpaka zikaisha, na nyingine zikaanza zenyewe, na nyingine.

Tuliendelea kulipia miezi michache zaidi. Kisha mumewe Mama Afande alirudi kutoka Somalia, wakapewa nyumba kambini, wakahama. Tuliagana vizuri, aliniachia mabenchi. Mimi peke yangu sikuyaweza malipo yote, na sikuwa na mtu wa kumpigia kila siku, kwa hiyo nilirudisha kisanduku. Dada wa kaunta aliniuliza sababu ya kuacha, kwani ilibidi aingize sababu. Nilimwambia aandike anachotaka.

Mwaka 2015 ulikuwa umeshaanza shemeji aliponiandikia kwamba ile video ya mazishi ipo yote, kanisa liliihifadhi. Nilijaribu kuipakua kwa simu. Ilifika robo ikarudi mwanzo. Nilijaribu tena sokoni, wateja wakinisubiri. Mwishowe nilikwenda kwenye duka la intaneti karibu na chuo, mwenye duka akaiweka ipakuliwe usiku wakati watu ni wachache, na kesho yake akanipa kwenye memori kadi ndogo kama ukucha.

Nilikwenda Juru nayo Jumamosi. Baba alikuwa ameketi mbele ya nyumba akipura maharage, mama alikuwa ndani.

"Baba, nimeleta ile ya yaya. Yote."

Alifuta mikono kwenye suruali, akaichukua simu kwa mikono miwili. Nilimwonyesha pa kugusa. Sikutaka kuiangalia, lakini nilisimama nyuma yake nikaiangalia. Shemeji alivua kofia, akaishika kifuani. Wanaume walilegeza mikanda kidogo kidogo na jeneza likashuka, bila kugonga popote. Mchungaji alisema maneno yake. Halafu mashine ndogo ya manjano ilisogea ikaanza kurudisha udongo, na juu ya ile theluji udongo ulionekana mweusi kabisa, mweusi kama masizi, ukianguka kwa mabonge.

Baba alisogeza simu karibu na macho.

"Udongo ya kule ni nyeusi," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Maharage ingetoka mingi."

Aliangalia mpaka mashine iliposimama na watu wakaanza kurudi kwenye magari yao. Alinirudishia simu. Mama aliita kutoka ndani akiuliza nimekuja na nani, nikamjibu nimekuja peke yangu. Nilivua viatu, nikakaa chini kwenye turubai, nikavuta kwangu fungu la maganda ambayo yalikuwa hayajapurwa.